Mpaka Watoto Washibe

Jioni hiyo mama yake alimtuma sabuni. Sabuni tu, mche mmoja wa kufulia nepi za mjukuu, na duka lenyewe lipo kona ya pili kutoka nyumbani. Mtu mwingine angekwenda na kurudi kabla maji hayajachemka. Lakini Mfugaji hakuwa mtu wa kutumwa akafika. Akiona ufa ukutani lazima achungulie. Akiona gogo lazima aligeuze. Jina hilo la Mfugaji mtaa ulimpa kwa kumcheka, kwa sababu wenzake wakifuga kuku, yeye anafuga buibui.

Aliwakamata porini, kwenye magofu na chini ya madaraja, akawazalisha nyumbani na kuwauza. Wanunuzi walikuwepo, usidhani. Wengine waliwaweka kwenye vioo sebuleni kama samaki wa mapambo, na maabara moja ilichukua wale wenye sumu. Kazi hiyo ilimlisha yeye, mkewe, mama yake na kichanga chao cha kike, ingawa mama yake aliapa kwamba kila tonge la nyumba ile analimeza amefumba macho.

Basi jua likawa linazama, sabuni haijanunuliwa, na Mfugaji ameshalipita duka. Amesimama mbele ya ghala la zamani la magunia. Mlango ulikuwa wazi.

Haukuwahi kuwa wazi.

Akaingia. Ndani kulikuwa na harufu... si ya vumbi, wala ya panya. Ilikuwa harufu ya maziwa. Maziwa yaliyoanza kuchacha.

Macho yalipozoea giza akauona utando. Ulianza kwenye boriti za paa ukashuka mpaka kwenye marundo ya magunia, mzito, wa kijivu, kama chandarua kilichosahaulika. Katikati yake alikaa buibui jike, mkubwa kama kiganja cha mtoto. Kifuani amekumbatia mfuko mweupe wa mayai. Mfugaji alikuwa ameshika buibui wa kila aina maishani mwake, lakini wa namna hii hakuwahi kumwona. Moyo ukamruka kwa furaha.

"Umemwona," sauti ikasema nyuma yake.

Nusura apige kelele. Nyuma ya mlango, juu ya magunia, alikaa mwanamke. Mzee au kijana, usingeweza kusema. Ngozi ilimning'inia mikononi na shingoni kama nguo aliyoazima kwa mtu mnene. Alikuwa kama mtu aliyefyonzwa akaachwa ganda.

"Mchukue," mwanamke akanong'ona. "Hapa wanakuja kubomoa."

"Ni wako, mama?"

"Mchukue na mayai yake. Ila usimtenge nao."

"Sawa, mama."

"Mpaka watoto washibe. Umenisikia?"

"Sawa, sawa."

Ile sawa ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufungua kopo. Alimfunika buibui kwa kopo, akapitisha kadibodi chini yake, akaondoka bila hata kuaga. Mama yake alimpokea mlangoni, mikono kiunoni, akalitazama kopo.

"Naona siku hizi sabuni ina miguu," alisema, akachukua kitambaa chake cha kichwa akaenda dukani mwenyewe.

Hapa lazima uielewe kazi yenyewe, usije ukamlaumu mtu kabla ya wakati wake. Buibui aliyezaliwa kwenye boksi hana shida, maana hajui kwingine. Wa porini ni kero tupu. Anasusa kula, anajibanza pembeni. Na akiwa na mayai ndiyo balaa, kwa sababu ukimtikisa kidogo njiani, akahisi mkono wa mtu, hugeuka akayala yote mwenyewe. Mfugaji alishapoteza vizazi vizima namna hiyo. Kwa hiyo alikuwa na kanuni yake: wa porini akiingia tu, mnyang'anye mfuko, ulaze kwenye pamba chini ya taa ya joto, mama umweke mbali. Kanuni hiyo ilikuwa imemtoa kwenye dhiki, na alijivunia. Yule mwanamke wa ghalani angejua nini?

Akamnyang'anya. Jike halikuuma. Lilishikilia mfuko kwa miguu yote, ikabidi auchomoe taratibu kwa koleo dogo, mguu mmoja baada ya mwingine, na alipoutoa akasikia mkewe akishtuka chumba cha pili.

"Nini?" akauliza.

"Si kitu," mkewe akajibu. "Mtoto kaniuma titi."

Kichanga hakikuwa na jino hata moja.

Jike likawekwa kwenye boksi lake, katika chumba cha uani alimofugia buibui. Halikula. Kutwa lilikuwa likigonga ukuta wa boksi kwa miguu ya mbele. Haraka haraka, linapumzika, haraka haraka tena. Mfugaji alijua maana yake, kwa kuwa wapo buibui wachache wanaowaita watoto wao hivyo, kwa kutikisa utando. Akaona ajabu kidogo, basi. Alipoona linazidi kukonda akalitia kwenye chupa ya spiriti, alipeleke maabara wamwambie ni la aina gani. Lilikufa likigonga kioo.

Watoto wakatoka. Weupe, laini, wengi mno, wanasonga pamoja kama uji unaochemka. Akawapa visubi, inzi wadogo aliokuwa akiwalea kwenye maganda ya ndizi. Hawakuwagusa. Visubi waliwatembelea migongoni, nao wakatulia tu. Wote walijikusanya upande mmoja wa boksi, upande wa ukuta. Na ng'ambo ya ukuta huo kilikuwa chumba cha kulala, na kile kiti ambacho mkewe alikuwa akikikalia kunyonyesha.

Akaligeuza boksi. Akatoka kwenda kunawa mikono, akarudi.

Wamegeuka tena.

Hakuogopa. Alichojali ni kwamba watakufa njaa. Lakini hawakufa. Asubuhi moja alikuta matumbo yao yamejaa, duara, yana rangi ya maziwa, na visubi wote wapo vilevile. Wamekula nini? Hakujua, wala hakuumiza kichwa. Wafugaji wote ndivyo walivyo, mnyama akishiba wao hulala usingizi. Alimwita mama yake aje aone jinsi walivyonenepa. Mama akasema ana kazi za maana za kufanya.

Ni mama huyohuyo aliyeona kwanza. Walikuwa mezani, mchana.

"Mkeo anaumwa," alisema.

"Amechoka tu. Mtoto anamkesha."

"Mimi nilifua mashuka ya hospitali nusu ya maisha yangu, nawajua waliochoka na nawajua wanaokwisha. Mtazame mkono."

Mfugaji akamtazama mkewe. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa mwili, mwenye kicheko cha kutetemesha meza. Sasa pete ilikuwa imemtoka kidoleni, ameifunga kwenye uzi shingoni. Mashavu yamebonyea. Chakula kilikuwa mbele yake kimepoa. Hakuwa na huzuni, na hilo ndilo lililotisha. Alikuwa akitabasamu kama mama anayesikiliza watoto wake wakicheza uani. Vidole vyake vilikuwa juu ya ubao wa cherehani iliyokuwa kando ya meza.

Vinagonga.

Haraka haraka... vinapumzika. Haraka haraka tena.

Mfugaji akainuka, akaenda chumba cha uani, akalifunua boksi.

Boksi lilikuwa tupu.

Akarudi mbio, boksi mkononi. Mkewe ameketi vilevile, kichanga mapajani kinalia kwa sauti ya kukauka, ya mtoto anayevuta titi lisilo na kitu. Akamvuta ukosi wa gauni. Walikuwa pale. Shingoni, chini ya nywele, mpaka katikati ya mabega, wamejipanga kama shanga. Hawakusogea. Walikuwa wananyonya.

"Waache," mkewe akasema taratibu. "Hawaumi."

Mama yake hakupiga kelele. Alichukua kitambaa cha meza, akawafagia wote ndani ya boksi, akafunga kifuniko na kukikalia. "Waue," akasema. "Sasa hivi. Au nitawaua mimi."

Mfugaji naye alitaka hivyohivyo. Njia ya wafugaji ni baridi, maana buibui kwenye baridi husinzia akafa bila tabu. Akaliingiza boksi kwenye friza, akafunga. Akasimama pale, kiganja juu ya mlango wa friza, akihesabu pumzi zake.

"Baridi," mkewe akasema kutoka sebuleni.

Jua lilikuwa la kuchoma utosi.

"Baridi... nifunikeni..."

Mama yake ndiye aliyepiga ukelele sasa. Mfugaji akatupa jicho. Midomo ya mkewe ilikuwa ya bluu. Nyusi zimeganda ukungu mweupe. Kichanga kilikuwa kinamteleza mikononi kwa kuwa vidole vilikuwa vimekakamaa, mama akakidaka. Mfugaji akaling'oa boksi ndani ya friza, akalikumbatia kifuani, akalipulizia pumzi, akalisugua kwa mikono kama mtu anayemfufua mtoto wake mwenyewe. Watoto wa buibui wakaanza kujinyoosha. Sebuleni mkewe akavuta pumzi ndefu, rangi ikamrudi midomoni.

Kichanga tu ndicho kilikuwa kinalia.

Daktari alikuja, akapima damu, akasema ni uchovu wa uzazi, ale vizuri. Akapewa chai, akaondoka.

Saa ya jua kuelekea kuzama, Mfugaji alikuwa ghalani. Upande mmoja wa paa ulikuwa umeshang'olewa. Yule mwanamke alikuwa palepale, juu ya magunia yaleyale, isipokuwa sasa alikuwa mwembamba zaidi. Mwanga wa machweo ulikuwa ukimpita sikioni kama unavyopita kwenye karatasi.

"Mama yao yuko wapi?" akauliza, kabla hata hajasalimiwa.

"Amekufa."

"Kabla hawajamla?"

Mfugaji hakuelewa, kisha akaelewa. Alishawahi kusikia habari za buibui wa namna hiyo, wanaokaa na watoto, wanawatapikia chakula, na chakula kikiisha wanalala chali wakajitoa wenyewe. Watoto hummaliza mama taratibu, naye hakimbii. Huwa anawaita. Wakishakwisha kumla ndipo wanakuwa buibui, wanajua kukamata inzi. Bila hivyo hawawi kitu.

Na yeye alimtia kwenye spiriti akigonga kioo.

"Wametafuta mwingine," mwanamke akanong'ona. "Huanza na mwenye maziwa."

"Ni mke wangu. Tuna mtoto mchanga. Nifanyeje? Niambie nifanye nini, nitafanya."

"Wewe huna la kufanya. Wewe si mama."

"Lazima kuna njia!"

Ghalani ile harufu ya maziwa ikapanda, nzito.

"Watamwachia wakipewa mwingine," mwanamke akasema. "Mama. Aje mwenyewe, kwa hiari. Akikaa nao wakampokea, basi, hawamwachi tena."

"Na wewe?" Mfugaji akauliza. Haya ilikuwa imemtoka. "Wewe huwezi?"

Alicheka bila sauti. "Mimi? Nitazame, baba. Wangu walishashiba wakaondoka zamani."

Hakusema ni watoto gani. Mfugaji hakuuliza.

Sasa sikia alichokifanya, maana hapa ndipo penyewe. Alirudi nyumbani, akalala bila kula, na asubuhi alimkuta mama yake jikoni anaosha vyombo. Mkewe hakuweza tena kuinuka kitandani. Mfugaji akavuta kigoda, akakaa, akamweleza mama yake kila kitu. Kuhusu jike, kuhusu spiriti, kuhusu yule mwanamke. Hakumwomba. Wallahi hakutamka neno la kuomba. Alimweleza tu mpaka mwisho, akamwambia kwamba atakayekaa nao lazima awe mama, na lazima iwe kwa hiari yake. Neno hilo la hiari akalirudia. Kisha akamtazama usoni.

Mtu akikueleza jambo kama hilo, halafu akakutazama hivyo, anakuomba nini?

Mama yake aliendelea kuosha. Alisuuza sufuria, akaiinamisha. Akasuuza vikombe. Maji ya karai yalipokuwa meusi akayamwaga, akakausha mikono kidole kwa kidole.

"Wanauma?" akauliza.

"Hawaumi," Mfugaji akajibu. "Mke wangu hajalalamika hata siku moja."

Alijibu haraka, kama muuzaji.

"Meno yangu ya huku yote yaliisha na mimba yako," mama akasema, akijigusa shavu. "Na mgongo huu. Nikajiambia akishakua nitapumzika." Akacheka kidogo. "Nimekulea wewe, nitashindwa na hawa?"

"Mama, si lazima..."

"Nyamaza. Usiseme hivyo sasa."

Alikwenda kwanza chumbani kwa mkwewe. Mfugaji alimsikia akimtania kichanga kama kawaida yake. "Mke mwenzangu, mimi naondoka, mume nakuachia. Umkomeshe." Kisha akatoka, akachukua kiti chake cha jikoni, kile chenye mto, akakibeba mwenyewe. Mfugaji alitaka kumsaidia. Akakataa kwa kichwa.

Ilikuwa mchana. Jirani alikuwa anapiga misumari mahali, redio ya mtu inaimba. Chumba cha uani kilikuwa na giza lake la siku zote na taa ile ya joto. Mama akaweka kiti, akakaa, akapanga gauni magotini. Akafunua boksi mwenyewe.

"Funga mlango," akasema. "Upepo unaingia."

Mfugaji akafunga.

Akabaki koridoni, mkono juu ya kitasa. Mwanzo hakusikia kitu. Halafu akasikia vidole kwenye mbao za kiti. Taratibu kwanza, kama mtu anayejifunza. Kisha haraka haraka. Vinapumzika. Haraka haraka tena. Na juu yake mama akaanza kuimba kwa mdomo uliofungwa, ule mdundo usio na maneno wa kumlaza mtoto.

Kutoka chumba cha kulala, mkewe akapiga chafya. "Jamani, nina njaa," akasema, sauti yake ileile ya zamani. Kitanda kikalia. Kilio cha kichanga kikakatika ghafla, ikafuata sauti ya kumeza. Kumeza kwa pupa, maziwa yakikijaa mdomoni mpaka kinapaliwa.

Machozi yakamtoka Mfugaji. Ya furaha, tusimpakazie. Alifurahi kweli.

Mle ndani wimbo ukasimama.

"Mwanangu."

Akaganda.

"Mwanangu... nifungulie. Nimebadili mawazo."

Sauti haikuwa ya kupagawa. Ilikuwa sauti ya mama yake ya kila siku, ya kuomba aletewe kandambili. Mfugaji alikuwa na kitasa kiganjani. Kilikuwa kitasa cha kawaida, unakizungusha tu.

Chumba cha pili kichanga kinameza.

"Mwanangu? Upo hapo?"

Alikuwepo. Alizuia pumzi asisikike.

"Kumbe ameondoka," mama akasema peke yake, polepole, kama anayemtetea mtu. "Atakuwa ameenda kwa mkewe."

Hakuita tena. Baada ya muda vidole vikaanza upya, vyepesi, vyepesi zaidi, mpaka ikawa huwezi kusema kama ni vidole au ni taa inayotoa mlio.

Mfugaji alifungua jua lilipokuwa linakwenda. Mama alikuwa kitini, kichwa kimelalia bega, macho yamefumbwa. Daktari yuleyule alisema moyo, umri, hakuteseka. Wanawake waliomwosha walinong'onezana na kuacha ghafla kila Mfugaji alipopita. Mmoja wao, yule jirani aliyekuwa akipiga misumari, alishindwa kuvumilia. "Pole, ndugu yangu," alisema. "Lakini alikuwa akila? Tumembeba kama tunabeba gauni."

Siku walipomaliza mazishi alikwenda ghalani, hajui hata anamtafuta yule mwanamke amwambie nini. Vibarua walikuwa wanaangusha ukuta wa mwisho. Mtu? Hawakukuta mtu. Walikuta nguo ya kike juu ya magunia, imekaa wima kama imevaliwa, imekakamaa kwa utando. Ndani hamna kitu. Waliichoma na takataka nyingine.

Nyumbani mkewe alinenepa. Kichanga kikatoa mashavu. Cherehani ikaanza kulia tena. Na wale buibui wakawa buibui, wa kijivu, wazito, wanakamata inzi na nyenje kama wenzao wote. Mfugaji akaacha maboksi wazi na madirisha wazi, akijua kwamba aina hiyo ikishammaliza mama hutawanyika, kila mmoja na njia yake.

Hawakutawanyika.

Asubuhi aliwakuta kwenye shuka, upande wake. Wamejipanga kwenye mkono wake kuanzia kiwiko mpaka kwapani, wamelala. Akiamka wanaamka. Akikaa wanapanda magotini. Hawakumgusa mkewe, wala hawakukaribia kitanda cha mtoto. Walikuwa wanamfuata yeye. Mnunuzi mmoja alikuja, akawaona, akataka wote na bei hakuijali. Mfugaji akafungua mdomo akubali, akasikia mdomo wenyewe unasema hapana. Siku kadhaa zilipita ndipo akaelewa kwa nini, na alipoelewa alikuwa amesimama katikati ya sebule na kikombe mkononi, chai ikamwagika yote miguuni. Walikuwa wamelelewa na mama mmoja, yeye na wao. Wamemla mama mmoja. Ndugu zake ni akina nani, kama si hawa?

Kilichomtia hofu zaidi ni kwamba hakuona kinyaa. Walipokuwa mwilini mwake alipungukiwa na upweke.

Mkewe hakuambiwa. Aliambiwa mama alikwenda kupumzika chumba cha uani, moyo ukasimama. Alilia sana, akaacha kulia, na baada ya hapo akawa anamtazama mumewe kwa muda mrefu akidhani hamwoni. Jioni moja alihamisha godoro la Mfugaji sebuleni, akasema ni kwa sababu ya buibui. Mfugaji hakubisha. Lakini magharibi iliyofuata, akipita koridoni kwenda kumbusu mtoto, akakuta mlango wa chumba umefungwa kwa ndani. Kulikuwa na komeo jipya.

Akagonga kwa kidole.

"Mimi," akasema. "Hawapo. Nimewaacha uani."

"Najua ni wewe."

"Basi fungua nimwone mtoto."

Kichanga kilikuwa kinanyonya. Alilisikia koo lake.

"Siku ile Mama alipoita," mkewe akasema, karibu kabisa na ubao wa mlango, "ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda dukani."

"Mimi nilikuwa macho. Nilikusikia ukiacha kupumua."

Mfugaji aliegemeza paji la uso kwenye mlango.

"Nilifanya kwa ajili yako," akasema mwishowe. "Wewe na mtoto."

"Najua. Ningekufa. Sikatai." Sauti ikamtetemeka, ikatulia. "Lakini humu ndani mama niliyebaki ni mimi peke yangu. Na wewe siku njaa ikikubana, nimeshaona unavyofanya."

Alisikia nyayo zake zikirudi kitandani. Alibaki amesimama koridoni, kiganja juu ya kitasa. Kitu chepesi kikamgusa kifundo cha mguu, kisha kingine, kisha vingi. Walikuwa wamemfuata kutoka uani. Walijipanga mbele ya mlango, kushoto na kulia kwa miguu yake, wakatulia wakisubiri pamoja naye.